Nota ya Mwisho ya Loredana

Loredana Bruzzese alikuwa na dharau ya kuwagawia Melbourne nzima na bado ikabaki. Waimbaji wa pop aliwaita wanong'onezaji. Filamu za anga za juu ndiyo usiseme: watu wazima na akili zao wanafukuzana na visahani vinavyoruka, hebu! Lakini filamu moja ilipotafuta sauti ya malkia wa sayari ya mbali, alikubali siku hiyo hiyo.

Sababu alikuwa nayo. Alikuwa ameimba opera maisha yake yote na hakuna hata wimbo mmoja uliorekodiwa. Kila mitambo ya kurekodi ilipoletwa, nafasi yake alipewa mgeni kutoka Ulaya, maana Waaustralia, bwana, cha kwao hawakioni mpaka kikasifiwe London. Sasa daktari alikuwa amemwambia koo limechoka. Ile nota yake ya juu kabisa, iliyokuwa ikiwainua watu vitini, ilibaki ya kutoka mara moja, labda mbili. Alitaka ihifadhiwe mahali kabla haijamtoka, hata kama ni ndani ya upuuzi ule.

Studio alimkuta mwongozaji, Brodie Kemble, kijana wa kuvaa kofia ndani ya nyumba. Pembeni yake alikuwepo Kirra, aliyepakwa rangi ya buluu mpaka masikioni. Ndiye malkia kwa sura. Wa kufumbua mdomo tu, sauti iwe ya Loredana. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Loredana, kabla hajatorokea kwenye pop.

"Mwalimu! Bado umeninunia?"

"Nikununie wewe? Kwanza imba usikike mpaka pale mlangoni bila maiki, halafu ndiyo nitakununia."

Wakaanza mazoezi. Kama ilivyo ada ya waimbaji wa opera, Loredana hakutoa sauti yote. Aliimba kwa nusu pumzi, nota za juu akizishusha chini, akilitunza koo kwa ajili ya kurekodi. Kwenye jumba la opera hata mfagiaji analijua hilo. Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, Brodie na fundi wake hawakulijua, na mitambo ilikuwa imewashwa.

"Mamaa, umeua!" Brodie alipiga kelele. "Tumemaliza. Hiyo hiyo!"

"Hiyo hiyo ipi? Hayo ni mazoezi! Sijaanza kuimba."

"Basi usianze."

Kirra alicheka, kisha akauona uso wa mwalimu wake na kicheko kikamkauka. "Brodie, mwache aimbe," alisema. "Huyu hujamsikia bado."

Loredana akaimba. Fundi mitambo alivua hedifoni mbio mbio. Ile nota ikatoka nzima, safi, ikapanda mpaka juu na kukaa huko. Kirra alilia mpaka rangi ya buluu ikamchuruzika mashavuni. Brodie akajikuna chini ya kofia.

"Nzuri, ila imekaa kiopera opera."

"Ni opera, mpumbavu wewe!"

"Usijali, mama. Tutaipatia mahali pake. Nakuahidi."

Kesho yake, jikoni kwake, Loredana aliijaribu tena ile nota. Ukatoka upepo mtupu. Akajaribu mpaka machozi yakamtoka, kisha akakaa.

Siku ya kuonyeshwa filamu alikaa karibu na Kirra. Malkia alifumbua mdomo, ukatoka ule mnong'ono wa mazoezi, na ukumbi mzima ukavuta makamasi kwa kulia. Loredana alisonya. Akaendelea kungoja nota yake.

Mara chombo cha angani kikagongwa na jiwe. Taa nyekundu zikawaka, watu wakakimbia huku na huko, na king'ora cha hatari kikalia. Kirra akamshika mkono kwa nguvu.

"Mwalimu," alisema, "ni wewe."

Ilikuwa nota ile ile, nzima, safi, imegeuzwa king'ora na kurudiwa tena na tena. Bwana wa kiti cha mbele akaziba masikio. "Jamani, wazime hilo dude!"

Loredana aliinama, akamgonga begani.

"Toa vidole, wewe," alimwambia. "Hiyo ni sauti yangu, na sina nyingine."