Nishonee Bakteria

Tangu aanze kukanyaga cherehani, Fundi Mkasi hakuwahi kumwambia mteja kwamba kazi haiwezekani. Alishamshonea farasi koti la mvua lenye mfuko wa karoti. Alishamshonea bwana mmoja mnene suti ambayo, kwa maneno ya Fundi mwenyewe, ilipoanikwa ilifunika jua mtaa mzima, kuku wakaenda kulala mchana kweupe. Watu walizoea kupunguza nusu ya kila alichosema, na nusu iliyobaki ilitosha kuwavunja mbavu. Kwa hiyo binti yake alipoingia kibandani alasiri moja, akatua mkoba juu ya meza ya kukatia na kusema, "Baba, nataka unishonee bakteria," mzee hakushtuka. Alivuta futi yake shingoni.

"Vipimo?"

"Haonekani kwa macho."

"Basi kitambaa hakitaniumiza kichwa. Mikono mirefu au mifupi?"

Binti hakucheka. Hapo ndipo Fundi alipoweka futi chini. Binti yake huyu alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari ya pale mtaani, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kucheka hata akiwa na homa.

"Kuna nini, mama?"

"Mkuu wa shule anataka kugeuza maabara yangu kuwa stoo ya viti vibovu. Anasema chumba cha kuchungulia vitu visivyoonekana, hata faida yake haionekani. Jumamosi wazazi wanakuja shuleni, na watapiga kura kwa kunyoosha mikono. Chumba kikienda, Baba, na mimi naomba uhamisho. Siwezi kufundisha seli kwa kuchora ubaoni mpaka nizeeke."

Uhamisho. Neno hilo lilimwingia Fundi kama sindano chini ya ukucha. Tangu mama mtu afariki, huyu binti ndiye aliyekuwa akipita kila jioni, akanywa chai, akaitukana redio yake mbovu na kuondoka. Bila yeye, mzee angebaki na redio.

"Anataka kuona, siyo?" akasema. "Ataona. Tutamshona mkubwa kuliko lori. Nieleze alivyokaa."

Binti akachukua chaki ya fundi, akachora mezani umbo refu la mviringo, mfano wa kidonge. "Nje kuna ukuta. Usifikirie matofali, Baba. Ni wavu, nyuzi zimeshikana huku na huku, ngumu. Chini ya ukuta kuna utando, laini na mwembamba. Huo ndio bawabu, unachagua kipi kiingie na kipi kitoke."

"Gwanda na bitana."

"Umepatia. Ndani mmejaa ute, na ndani ya ute kuna ribosomu tele, zinatengeneza protini."

"Hizo nitaweka vifungo. Ninavyo debe zima."

"Na hapa katikati kuna DNA. Uzi mmoja mrefu, ncha zake zimeungana, umejikunjakunja. Maagizo yote ya maisha yake yamo humo."

"Basi nitautilia mfuko wa zipu. Kitu cha thamani namna hiyo hakiachwi kinaning'inia."

"Hapana, Baba! Seli zetu sisi ndizo zenye mfuko, unaitwa kiini. Bakteria hana. Uzi wake uko humo humo kwenye ute."

"Hana mfuko?" Fundi akasikitika kweli. "Sasa funguo za nyumba anaweka wapi?"

Hapo binti akacheka, na mzee akajua wamefika mahali pazuri.

"Bado mkia," binti akasema. "Wapo wasio nao, lakini wetu awe nao. Na haupungi kama mkia wa ng'ombe. Umejisokota, unazunguka kama parafujo, ndiyo anaogelea. Shina lake limekita ukutani na kwenye utando, na pale shinani pana mota."

"Mota?"

"Mota kabisa. Na ikigeuza mzunguko, anabiringika na kushika njia nyingine."

Fundi akamtazama kwa heshima mpya. Yeye aliyefunika jua kwa suti hakuwahi kufikiria kumtia mtu mota makalioni. Na binti wala hakuwa akipiga chuku.

"Mota ninayo mimi!" sauti ikapenya ukuta wa mabati. Ilikuwa ya Pancha, mziba matairi wa kibanda cha pili, ambaye hakuna mazungumzo ya pale yaliyowahi kumpita. "Ya feni ya gari. Na betri. Na gundi. Na pampu ya umeme. Bila mimi huyo mdudu wenu atakuwa foronya tu."

"Siyo mdudu," Mwalimu akasema.

"Hata mimi siitwi Pancha, lakini naitika."

Kazi ikaanza. Kwa ukuta, Mwalimu alileta mzigo wa nyavu kuukuu za magoli, na Fundi akazipanga tabaka juu ya tabaka mpaka matundu yakawa madogo, ila bado mtu angeweza kuchungulia ndani. Kwa utando, alitumia plastiki nyepesi ya kung'aa, Pancha akawa anaunga kingo zake kwa gundi huku akijisifu. Fundi alitia vifungo vya kila rangi kama punje za mahindi, akaingiza kamba nyekundu ndefu iliyoungwa ncha, akaisokota katikati bila mfuko, ingawa roho ilimuuma. Mkia ulikuwa kamba nene yenye waya ndani, imejiviringa kama ule waya wa simu za zamani.

Siku moja kabla ya Jumamosi, Mwalimu akiwa bado shuleni, wazee wawili wakashindwa kuvumilia. Wakamtandaza bakteria uani nyuma ya vibanda, Pancha akachomeka mpira wa pampu. Akafutuka. Akafutuka zaidi. Plastiki iling'aa juani, laini kama shavu la mtoto.

"Mbona anaendelea?" Pancha akauliza.

"Anakua. Mwache mtoto akue."

"Mbona huku ana nundu? Na kule? Fundi, zima!"

Mlio uliofuata ulisikika, kwa hesabu ya Fundi, hadi nchi jirani. Vifungo viliruka juu ya mabati kama mvua ya mawe. Mwalimu alipofika mbio akitokea shule, aliwakuta wameketi chini, Pancha kajifunika uso kwa ndara, baba yake na kamba nyekundu shingoni kama mshindi wa mbio.

Mwalimu akaokota pande la plastiki. Akatazama lilikokuwa limeshonewa wavu. "Baba. Wavu ulikuwa upande gani?"

Fundi akaitazama mikono yake. Kila vazi alilowahi kushona maishani alilishona ndani-nje, kisha, kazi ikiisha, akaligeuza upande wa mshono ufichike. Mikono yake haikuwahi kuuliza ruhusa. Bakteria alikuwa ameshonwa sawasawa, wavu nje, plastiki ndani, kisha mikono ile ikamgeuza kama suruali. Ukuta ukawa ndani, bitana ikawa nje, na bitana haikuwa na wa kuizuia.

"Nimemgeuza," akasema kwa sauti ndogo. Alishaiona redio yake, na kiti kitupu mbele yake. "Mama, nimekuharibia."

Lakini Mwalimu alikuwa bado ameshika lile pande, na uso wake ukaanza kuchanua. "Baba, unajua umefanya nini? Hivi ndivyo dawa nyingine zinavyowaua! Zinamzuia bakteria asijenge ukuta wake vizuri. Maji yanaingia ndani kwa nguvu, utando peke yake hauwezi kuyahimili, anapasuka. Miaka yote nalieleza jambo hili kwa maneno, wewe umelipiga kwa mlio!"

"Kumbe nilikusudia," Fundi akasema, akijifuta vumbi.

"Pancha, plastiki inazibika?"

Pancha akaondoa ndara usoni, akasimama taratibu, kama mtu aliyesubiri swali hilo tangu azaliwe. "Binti yangu," akasema, "unamuuliza nani?"

Akaziba. Aliziba mchana ule wote, kiraka juu ya kiraka, na safari hii Fundi alipogeuza, Mwalimu alisimama kando akimtazama mikono.

Jumamosi ikapambazuka na mvua ya kufa mtu. Ilipokatika, kiwanja cha shule kilikuwa ziwa, magoli mawili yamesimama majini kama watu waliosahau nguo. Mkuu wa shule, mtu mrefu mwenye mwavuli mrefu, alifurahi waziwazi.

"Poleni sana, Mwalimu. Onyesho halitawezekana. Wazazi wapige kura tu."

"Bakteria wengi makazi yao ni majini, Mkuu," Mwalimu akajibu. "Hapa ndipo kwao."

Wakamsukuma bakteria wao majini mbele ya wazazi wote. Alijaa hewa, akakazana ndani ya wavu, akaelea mrefu kuliko lori, vifungo vikimetameta tumboni na uzi mwekundu ukionekana hadi kwa wazazi wa mstari wa nyuma. Nyuma yake mota na betri vilikaa juu ya tyubu ya trekta, na waya mrefu ukaenda hadi swichi iliyokuwa mkononi mwa Pancha. Watoto walipiga kelele. Mwalimu akapanda juu ya benchi, akaeleza ukuta, utando, ute, ribosomu na uzi, na wazazi wakawa wanarefusha shingo.

"Hewa na plastiki," Mkuu akakatiza. "Hiki kitu kidole tu kinakitoboa." Akakichoma kwa ncha ya mwavuli. Wavu ukaurudisha mwavuli ulikotoka. Akachoma tena kwa hasira, mwavuli ukapinda.

"Mkuu wangu," Fundi akasema kwa adabu iliyopitiliza, "kama una shaka na mshono wangu, mpande mwenyewe. Akipasuka, maabara yako hiyo, weka viti."

Wazazi wakapiga makofi. Mkuu hakuwa na pa kutokea. Akavua viatu, akaingia majini, akaparamia, akakaa mgongoni mwa bakteria kama mtu juu ya ngamia. Bakteria alibonyea kidogo, akarudi kwenye umbo lake, akatulia.

"Ndiyo kazi ya ukuta!" Mwalimu akapaza sauti. "Unashikilia umbo! Sasa tazameni mkia!"

Fundi akamkonyeza Pancha. Pancha akabonyeza.

Mkia ukazunguka. Maji yakachemka nyuma, bakteria akatikisika, kisha akaondoka. Aliondoka kwa mwendo ambao wenye wivu wanasema ulikuwa wa bata, na ambao Fundi anaapa ulikuwa wa treni. Akapita katikati ya goli bila kugusa mwamba, wanafunzi wakashangilia bao. Pancha akageuza swichi, mota ikageuza mzunguko, bakteria akayumba, akabiringika nusu, akashika njia nyingine, Mkuu bado yuko juu, tai imemwingia mdomoni.

"Hivyo ndivyo anavyotafuta chakula!" Mwalimu alikuwa akipiga kelele sasa, nywele zimemtoka kwenye kitambaa. "Anakwenda, anabiringika, anakwenda tena!"

Mwenyekiti wa wazazi, mama mwenye sauti isiyohitaji spika, aliona wakati ndio huo. "Wanaotaka maabara ibaki, mikono juu!"

Mikono ikapaa kiwanja kizima. Na kule katikati ya maji Mkuu naye, katika kujitafutia mizani asianguke, alikuwa amenyoosha yake yote miwili hadi mbinguni.

"Na Mkuu mara mbili!" mama akatangaza. "Imepita!"

Alipofikishwa ukingoni Mkuu alikuwa amelowa chapachapa. "Nilikuwa nashikilia hewa tu!" akalalamika, lakini hakuna aliyemsikia, na baada ya kukamua tai yake mwenyewe alianza kucheka, kwanza kidogo, halafu kama wengine. "Mwalimu," akasema, "hao wenye ukubwa wa kawaida, mtu anawaonaje?"

Foleni ya maabara ilizunguka jengo. Viti vibovu vilihamishiwa ofisini kwa Mkuu, kwa agizo lake mwenyewe. Zamu ya Fundi ilipofika, binti yake alimwekea tone la maji ya kiwanja chini ya hadubini, akamshika bega.

Mzee akainama, akafumba jicho moja. Akakaa hivyo hadi waliokuwa nyuma yake wakaanza kunung'unika. Ndani ya mwanga ule vilipita vijidoa vidogo mno, vikienda, vikibiringika, vikienda tena. Alitafuta mshono kwa jicho la fundi wa maisha yote. Hakuona hata mmoja.

"Wameshonwa vizuri," akakubali, akinyoosha mgongo. Akatafakari kidogo. "Lakini wangu alikuwa na mkia mzuri zaidi."

"Baba, toka, wengine waone."

"Natoka. Jioni unapita?"

"Napita. Na hiyo redio uizibe mdomo kabisa."