Malori Mawili Sironga

Lewis aliingia dukani kwangu Keumbu huku simu yake tayari ikionyesha picha. Aliiweka mezani, katikati ya redio mbili nilizokuwa nimezifungua, akasema, "Fundi Bev, hii. Nataka hii."

Ilikuwa kompyuta ya michezo yenye kasha la kioo, feni zinazowaka rangi ya zambarau, na kadi ya grafiki nene kama tofali. Niliitazama kwa muda. Huwa sisemi kitu juu ya mashine kabla sijajua inakwenda kufanya kazi gani, na kwa nani.

"Ile ya zamani ilikufa?"

"Haikufa, imezeeka. Ule mchezo wa malori ulipoletewa toleo jipya, ikaanza kukwama. Unafika kwenye kona, picha inasimama, ikirudi uko mtaroni. Tata alianguka mtaroni mara tatu jioni moja. Akaachilia usukani, akatoka nje. Hajaugusa tena."

Tata ni baba yake, Mzee Ogoti wa Sironga. Aliendesha malori kati ya Mombasa na Kampala hadi kiharusi kilipomnyang'anya nguvu ya mguu wa kushoto, daktari akamwambia barabara basi. Wakati huo Lewis alikuwa na duka la mbolea na dawa za mifugo pale Kebirigo. Aliweka mchezo wa malori kwenye kompyuta ya duka, akanunua usukani wa kuchezea, na kila jioni baada ya kufunga, mzee aliketi kati ya magunia akaendesha, mwanawe begani pake akingoja zamu.

"Hapo ndipo tulikuwa tunaongea," Lewis alisema. "Nyumbani tunasalimiana tu. Lakini akishika usukani, anaongea. Hata vile alimpata mama, aliniambia tukishuka mteremko. Sasa nimeacha lile duka, nauzia nyumbani. Na yeye anakaa nje, ukimuuliza kitu anasema ndiyo, ukimuuliza kingine anasema hapana. Fundi, nataka arudi barabarani."

Sasa nilijua kazi. Tulianza na ile picha ya zambarau, kipande kwa kipande. Nilimweleza kwamba kadi ya ukubwa ule inataka pawa saplai nzuri ya kuilisha umeme, na pawa saplai nzuri ingekula nusu ya bajeti yake. Ya bei ya chini siku moja ingeungua na kuondoka na kadi yenyewe. Nikamwambia mchezo wake hauhitaji prosesa ya kisasa kabisa. Unahitaji RAM ya kutosha, tena vipande viwili badala ya kimoja, na diski ya SSD ili barabara isichelewe kufika.

"Na taa?"

"Taa hazivuti lori."

"Bev, wewe huna raha."

"Raha yangu ni mashine isiyorudi hapa."

Alicheka. Tulikubaliana juu ya mashine moja yenye nguvu, kasha la kawaida, na usukani wake ule ule. Nikamuuliza swali ambalo huwa naliweka mwisho. "Itakaa wapi?"

"Sebuleni kwangu."

"Kwako. Na una mke."

"Joyline. Kwani?"

Kwetu, mwana akishaoa, baba yake haingii tena katika nyumba yake. Ni heshima kati ya kizazi na kizazi, tunaiita chinsoni. Mzee atasimama uani hata mvua ikimnyeshea, aseme alichokujia, aende. Lakini siku hizi ziko familia zilizolegeza, na mimi sikujua ya Ogoti ni ipi. Nilimwambia tu kwamba sinunui kipande chochote kabla ya kuona soketi za nyumba. Hiyo ilikuwa kweli pia.

Jumapili nilipanda boda hadi Sironga. Boma lilikuwa na nyumba mbili zinazotazamana, ua katikati, migomba nyuma, na majani chai yakishuka hadi mtoni. Nilikuwa nimepiga magoti nikipima umeme wa soketi sebuleni kwa Lewis, Joyline aliposimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Fundi, amekuambia mzee atakaa wapi akicheza?"

"Alisema hapa."

"Hapa!" Joyline akamgeukia mumewe. "Si nilikuambia?"

"Hayo ni mambo ya kale," Lewis alisema. "Kwani dukani hakuwa akiingia?"

"Duka ni duka. Dukani hakuna kitanda chako. Leo mzee wa watu akae kwa hiki kiti, mimi nipite na beseni la nguo kutoka bafuni? Mimi nitahama."

"Basi nitageuza skrini itazame dirishani. Akae verandani."

"Dirishani! Baba yako, kama mtu aliyekuja kununua sukari?"

Lewis alitoka. Nilimfuata, kwa kuwa mkebe wangu wa vifaa ulikuwa huko nje, na pia kwa kuwa nilitaka kusikia. Mzee Ogoti alikuwa kwenye benchi mbele ya nyumba yake, mguu wa kushoto umenyooshwa, akitazama barabara.

"Tata," Lewis alianza, "tunaleta kompyuta mpya. Itakaa kwangu. Mimi mwenyewe nimesema uingie."

"Nimesikia. Asante."

"Kwa hivyo utaingia?"

"Hapana."

"Lakini nimekuruhusu!"

"Hiyo ruhusa si yako kuitoa," mzee alisema, bila kuinua sauti. "Wala si yangu kuichukua."

Lewis alisimama pale, mikono mfukoni. Ni mwanamume mrefu, lakini wakati huo alionekana kama mtu aliyefika kaunta na kuambiwa dirisha limefungwa. "Basi haina maana," akasema. "Si tuache tu."

Mzee akarudi kutazama barabara. Hakuna aliyekuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Watu wenye hasira hurudi kesho. Nilisogea karibu.

"Mzee, na ikikaa kwako? Lewis anaweza kuingia kwako."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Binti, wewe ni wa nani?"

"Wa Omwenga, wa Keumbu."

"Omwenga wa posho mill?"

"Huyo."

"Basi sikiliza, binti wa Omwenga. Kwangu ataingia, ndiyo. Atafanya nini? Mimi kwa usukani, yeye kando akingoja zamu? Dukani nilikuwa mgeni wake, ningesema nini. Lakini hapa! Mtu ana mke, ana boma, ndiye awe taniboi wangu?" Akatikisa kichwa. "Lori moja, dereva mmoja."

"Na yakiwa malori mawili?"

"Mawili?"

"Moja kwako, moja kwake. Mnaingia barabara moja. Yeye anakuona mbele yake, au wewe unamwona kwenye kioo."

Mzee aliukunja ule mguu mzima, akajiinua kidogo kwenye benchi. "Hiyo sasa ni safari," alisema. "Sisi tulikuwa tunatoka Mariakani malori matatu, manne, moja nyuma ya lingine. Simu hakuna. Tunaongea kwa indiketa. Nikikuwashia ya kulia, usinipite, kuna gari mbele. Ya kushoto, barabara ni yako, pita. Kulikuwa na mmoja anaitwa Anyona, huyo hata ungemwashia Krismasi nzima hapiti mpaka ashushe dirisha akuulize." Akacheka peke yake, akanyamaza ghafla kana kwamba amekumbuka hana lori.

Lewis alikuwa ameacha kutazama chini. Nafikiri tangu mchezo ule ulipokwama hakuwa amesikia maneno mengi hivyo kutoka kwa baba yake.

Tulirudi upande wa pili wa ua, na nikamweleza Lewis wazi. Bajeti ile ya mashine moja yenye nguvu ingetosha kwa mbili za kawaida, tukichukua kompyuta za ofisi zilizotumika ng'ambo na kuzitilia kadi ndogo ya grafiki, ile isiyohitaji waya wake wa umeme. Mchezo ungeenda bila kukwama. Usingependeza sana.

"Picha ya chini?"

"Ya kati. Barabara utaiona vizuri, na kioo pia. Vivuli vya miti havitakuwa kitu."

"Hii nyingine nimeitamani tangu sekondari, Bev."

"Najua."

Nikamwacha. Sipendi kumsukuma mtu anapoagana na kitu chake. Alifungua simu, akaitazama ile zambarau, akaifunga. Ng'ambo ya ua, baba yake alikuwa ameketi wima, mkono mmoja mbele yake ukizunguka polepole hewani. Alikuwa akikata kona.

"Nunua mbili," Lewis alisema.

Wiki hiyo nilikwenda Kisii mjini kwa muuzaji ninayemfahamu, na nikamwomba anifungulie kila kompyuta kabla sijailipia. Hajawahi kulipenda ombi hilo, lakini ameshanizoea. Moja ilikuwa na harufu ya kuungua karibu na pawa saplai; nikairudisha juu ya rafu. Nyingine feni yake ilikwaruza. Nilichagua mbili za aina moja, ili kipande cha moja kikiharibika niweze kupima kwa cha nyingine. RAM nilitia vipande viwili kila mashine. SSD nilichukua mpya. Diski iliyotumika siiamini. Kadi za grafiki zilikuwa zimetumika, kwa hivyo nilizifanyisha kazi dukani kwangu siku nzima, mchezo ukienda wenyewe, nami nikiendelea na redio zangu na kuzigusa mara kwa mara kupima joto. Hazikuyumba. Nikaongeza stabilaiza mbili za kutuliza umeme, na usukani wa pili uliotumika lakini imara.

Lewis alitaka kuunganisha nyumba mbili kwa waya, upite nyuma, chini ya migomba.

"Waya wa shaba kati ya nyumba mbili, hapa kwetu?" nikamuuliza. "Radi ikipiga mgomba mmoja, unapoteza mashine zote mbili. Tutatumia Wi-Fi yako. Ua ni mdogo, itafika. Na mawingu yakijaa, mnachomoa kila kitu ukutani, hata kama lori liko katikati ya daraja."

Nilizifunga mchana wa Jumatano. Kwa mzee niliweka mashine mezani chini ya kalenda ya kanisa. Makanyagio niliyasogeza kulia ili mguu wake mzima ufanye kazi yote, na lori nikalipanga la gia zinazojibadilisha zenyewe. Alikaa, akashika usukani, akasogeza kiti, akasogeza tena, akanyoosha mkono kurekebisha kioo ambacho hakikuwepo. Kisha akaniambia, "Binti wa Omwenga, ondoka mlangoni. Unaziba mwanga."

Nikavuka ua hadi kwa Lewis. Milango ya nyumba zote mbili ilikuwa wazi. Kwenye skrini ya Lewis, lori jekundu lilikuwa limeegeshwa mbele, likinguruma. Likawasha indiketa, likatoka barabarani taratibu.

"Huyo ni yeye?" Joyline aliuliza, sahani mkononi.

"Ni yeye," Lewis alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Walikwenda. Nilitazama ile nambari ndogo kwenye pembe ya skrini inayoonyesha kama mashine inahema. Haikuhema. Kwenye kona ile ambayo zamani picha ilikuwa ikisimama, malori yote mawili yalizunguka bila hata kutikisika. Kisha wakafika kwenye mlima mrefu, lori jekundu likapunguza mwendo, na Lewis akataka kupita. Indiketa ya kulia ikawaka mbele yake.

"Anasema nini?" Joyline akauliza.

"Nisipite. Ya kushoto ndiyo pita, ile Anyona alikuwa anashusha dirisha kuiulizia."

Basi likatokea upande wa pili, likapita kwa kasi. Baada yake barabara ikawa tupu. Indiketa ya kulia ikazimika. Ya kushoto ikawaka.

Lewis hakukanyaga mafuta.

"Si amekuambia upite?" Joyline alisema. "Wewe ndiye Anyona?"

Lewis akacheka, akapita. Tulipolipita tu lile lori jekundu, sauti ikavuka ua, nene, ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya injini. "Lewis! Kwenu mnapita bila kushukuru?"

Lewis akawasha taa za dharura mara mbili. Ng'ambo tukasikia mzee akicheka, kisha akaanza kusimulia kwa sauti habari za mlima wa Kikopey na mzigo wa saruji. Nusu yake haikutufikia, kwa kuwa matone ya kwanza yalikuwa yameanza kugonga mabati, na upande wa mtoni kulikuwa kumekuwa kweusi.

"Mnachomoa," nilisema.

Mimi mwenyewe nilichomoa ya Lewis. Yeye alivuta koti juu ya kichwa, akakimbia kuvuka ua ili achomoe ya baba yake. Kuchomoa plagi si kazi ya kumchukua mtu muda. Joyline alinimiminia chai, akaniongezea ndizi, na mvua ikanyesha hadi ikachoka yenyewe. Nilipofunga mkebe wangu niende, Lewis bado hakuwa amerudi, na ng'ambo ya ua sauti ya mzee ilikuwa ingali inapanda Kikopey.