Jani Lililomshusha Lengai

Huku kwetu Meru, ukiletewa jani la isale lililofungwa fundo huna la kusema. Hata kama aliyelituma amekuibia ng'ombe, unaweka mkuki chini, mnaongea. Ndiyo maana Lengai alishuka kutoka msituni, na ndiyo maana dada yake Ndeshi alikuwa hapati usingizi.

Wajerumani walikuwa wanajenga boma lao Arusha, na washili, wale wakuu wetu wa vijiji, walipita migombani wakikusanya watu wa kubeba mawe. Kila nyumba itoe mwanamume mmoja. Nyumba ya mama yake Ndeshi ilikuwa na Lengai peke yake, naye alikuwa amekimbilia juu mlimani. Mshili, mtu wa maneno laini na tumbo la kutosha, akamwambia Ndeshi kwamba Lengai asipopatikana, atachukuliwa mume wake. Kisha akauliza kwa upole, "Si mligombana na mdogo wako kwa ajili ya migomba ya marehemu baba yenu? Mpelekee isale. Aje muyamalize."

Mimi sisemi Ndeshi hakujua. Alijua. Na bado alilifunga lile fundo. Lengai alipofika uani kwa dada yake, jani mkononi, askari walitoka nyuma ya zizi.

Mama yao, aliyekaa ng'ambo ya kijito, hakuambiwa. Aliendelea kumpikia mwanawe akidhani yuko msituni, na Ndeshi aliendelea kukichukua chakula, ila alikipeleka bomani. Ulikuwa mwendo mrefu, na yeye alitamani uwe mrefu zaidi. Hatia haina adabu: ukikaa inakaa nawe, ukiondoka inakutangulia.

Siku moja nyapara aliwaruhusu wabeba mawe wapumzike. Lengai alikaa chini ya ukuta ambao sasa ulimfika mtu kifuani, nywele zimejaa vumbi la chokaa, mabega yamechubuka. Alikula bila kumtazama dada yake.

"Mdogo wangu, nimekukosea," Ndeshi alisema.

"Najua."

"Nisamehe."

Lengai akamtazama mikono. "Mbona umekuja bila isale?"

"Ningekuletea, ungelipokea?"

Alifikiri huku akitafuna. "Hapana," alisema. "Ningegeuka nione askari wako wapi."

Ndeshi akalia. Aliona aibu iliyomwingia mpaka kwenye mifupa, maana kwa watu wake hakukuwa na njia nyingine ya kuomba radhi, na njia hiyo alikuwa ameiziba mwenyewe.

"Dada, nyamaza nikuambie," Lengai alisema. "Ukuta huu hautaanguka leo wala kesho. Tunaupanga sisi, tunaujua. Watoto wako watapita hapa waulize ni nani alijenga. Wataambiwa ni Mjerumani, kana kwamba Mjerumani alibeba jiwe hata moja. Wewe uwaambie ni mjomba wao. Wala usiseme nilikamatwa nikikimbia. Sema niliitwa na dada yangu kwa isale, nikaja. Wakilijua hilo, na watoto wao wakalijua, mimi na wewe tumemalizana."

"Nitawaambia."

"Watoto wako bado wadogo. Anza na mama."

Nyapara akaita. Lengai akamrudishia dada yake chombo, akainuka na kushika jiwe lake.

Njia nzima Ndeshi alitafuta maneno mazuri ya kulisemea jambo baya, asiyapate. Alimkuta mama jikoni akimenya ndizi za kesho. Akamweleza yote akiwa amesimama: mshili, fundo, askari, chakula kilipokuwa kikienda. Jina la mume wake lilimfika kwenye ulimi ili limtetee, akalimeza.

Mama hakupiga kelele. Alimenya ndizi ile mpaka ikaisha.

"Kesho nitampelekea mwenyewe," alisema.

"Ni mbali, mama. Na miguu yako ile."

"Mwanangu yuko huko."

Akachukua ndizi nyingine. Ndeshi akachuchumaa, akanyoosha mkono amsaidie kumenya kama siku zote, na mama akauvuta ungo upande wake.