Mke wa Karatasi Kisiwani

Mume wangu Stanislas alikuwa amekwisha kufungua gurudumu la cherehani ya pili, na mimi nilikuwa namwambia alirudishe. Hakunisikiliza. Aliendelea kufunga vyuma ndani ya shuka, huku akinieleza kama mtoto wa darasa la kwanza kwamba ndoa ile ya Zanzibar ni karatasi tu.

“Karatasi haina kitanda, mama Debo.”

“Haina kitanda, lakini iko na jina yangu.”

Ilikuwa mwaka 1992. Kila asubuhi, pale mtaani kwetu Makomeno, Lubumbashi, jirani mwingine mwenye asili ya Kasai alibeba godoro lake kwenda stesheni. Tuliitwa bakuyakuya, watu waliokuja juzi, tukafukuzwa turudi Kasai. Mimi nilizaliwa Lubumbashi, nikapata diploma yangu ya ushonaji Lubumbashi. Kasai sikuwahi kuiona. Mama mkwe wangu, Mbuyi, alikuwa amekaa sebuleni juu ya sanduku lake, akingoja treni ya Kasai ambayo hakuna aliyejua itaondoka lini.

Stanislas hakutaka treni. Chileshe, dereva wa lori wa Zambia aliyekuwa akipeleka shaba Dar es Salaam, alimpa habari za kisiwa kilichoanza kujaa watalii, wazungu wanaonunua gauni na kulivaa siku hiyo hiyo. Hapo nilikubali, hata nikachora mitindo. Ila sehemu iliyobaki mume wangu aliniambia asubuhi hiyo, lori likiwa limekwisha kusimama mlangoni. Kwa jinsi alivyosikia Chileshe, mgeni anasumbuliwa sana kupata kibali cha duka, lakini mke wa mwenyeji hasumbuliwi. Basi bwana mmoja wa kisiwani, rafiki yake Chileshe, angeniandikisha kama mke wake wa pili, na Stanislas angekuwa kaka yangu. Hata zile kanga nilizoletewa Jumapili, ambazo nilidhani mume wangu kaninunulia, zilitoka kwa bwana huyo.

Akili yangu ilisimama. Kwetu Waluba wa Kasai, mke akipokea hata kitambaa cha kichwa kutoka kwa mwanamume mwingine, ni kosa. Lazima akaungame kwa wakwe na kuku achinjwe, la sivyo ugonjwa unaingia kwa watoto. Nimesoma, siamini kila kitu. Lakini binti yangu Deborah alikuwa anakohoa tangu juzi, na gauni alilovaa nilikuwa nimelikata kwenye kanga hizo.

Nikaenda sebuleni kuungama. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nani alizileta nyumbani.

“Mutoto yako, mamu.”

“Na mikono yake yeye mwenyewe?”

“Na mikono yake. Akasema zinanipendeza.”

Alimwita Stanislas, akamtazama juu mpaka chini. Alisema amesikia habari za wake wengi walioficha nguo, lakini mume anayemletea mkewe nguo ya mwanamume mwingine hajamsikia, wala hajui nani kati yetu atoe kuku. Labda Chileshe. Chileshe, aliyekuwa ameingia kuuliza kama tunapakia, akasema kuku hana. Mama mkwe akaamuru mtoto avuliwe gauni kwanza, mengine yatajulikana, na dereva arudishiwe vitambaa vya rafiki yake. Nikafanya hivyo.

Sikujua tena nani ni nani. Mjini nilikozaliwa mimi ni mgeni. Kasai nisikokujua, ati ndiko kwetu. Kisiwani ningekuwa mwenyeji, mke wa mtu nisiyemjua na dada wa mume wangu. Jirani yetu Mukuka, asiyekuwa wa Kasai, akaja kuuliza tutamwachia nani ufunguo wa nyumba, huku analia kweli, na sikuelewa anatulilia sisi au anaililia nyumba.

Nikamuuliza Chileshe swali moja: mgeni anayesema ukweli, anakatazwa? Akakuna kichwa. Hakatazwi, alisema, ila anazungushwa; leo anaambiwa arudi kesho, kesho anaambiwa arudi wiki ijayo.

“Kuzungushwa tunajua,” nikasema. “Utaambia yule bwana bibi yake hakuye. Anakuya mushonaji mugeni, na bwana yake, na mama mukwe.”

Stanislas alisema kwa njia hiyo tutakaa mwaka mzima bila duka, tukishona kwenye baraza la mtu. Nikamwambia nitashona barazani. Akarudi kufunga shuka lake la vyuma.

Sikumngoja. Nilimvalisha Deborah sketi ya shule, nikabeba kichwa cha cherehani mwenyewe, nikakipandisha kwenye lori, nikapanda na mtoto. Mama mkwe alitoka na sanduku lake, akamuuliza Chileshe kama kisiwani kuna mihogo. Alipoambiwa ipo, akaenda kukaa kiti cha mbele bila kuuliza mtu. Stanislas alileta cherehani ya pili, akarudi kufunga mlango, akampa Mukuka ufunguo, akapanda.

Nikagonga bodi ya lori, na Chileshe akawasha.