Rangi ya Kijani ya Daktari Bethwel

Cherotich hakusoma sana, lakini katika maabara ile ndogo ya chai nje ya mji wa Kericho hakuna aliyemshinda kuosha chupa. Na mwaka ule wa 1996 alikuwa na sababu ya kujituma: ugonjwa wa mizizi ulikuwa umekula nusu ya chai yake kule Sigowet.

Daktari Bethwel alikuwa amepata rangi ya ajabu kutoka ng'ambo, unga kiduchu uliongojewa miezi minane. Ukiitia ndani ya seli za mzizi zilizo hai, hung'aa kijani kwenye darubini. Seli ikiugua, huwa chachu ndani na rangi hufifia. Bethwel aliiambukiza ugonjwa miche yake mipya, akatia rangi kwenye mizizi, akachungulia. Ikang'aa. Akarudia mara tatu, na mara zote ikang'aa!

"Mama Kipngeno, tumeshinda! Huu mche haushiki ugonjwa!" alimwambia Cherotich, akimwita kwa jina la mwanawe.

Akampa miche mia nne awe wa kwanza. Wacha wee! Wiki hiyo hiyo Cherotich aling'oa chai yote iliyobaki, hata mistari aliyoipanda marehemu mumewe kwa mikono yake, akapanda mipya huku akiimba nyimbo za kanisa.

Baada ya miezi miwili Bethwel alimkuta kwenye sinki akisugua chupa kwa unga wa kijivu.

"Ni nini hiyo, mama?"

"Majivu, Daktari. Kibuyu cha maziwa ya mursik hatuoshi na sabuni, inashika harufu. Sasa rangi yako ya maana hivi, ningeitilia sabuni kweli?" Alisema kwa fahari, maskini.

Bethwel aliketi. "Tangu lini?"

"Tangu ile rangi ifike."

Akamweleza taratibu, bila kufoka. Majivu huua uchachu. Katika maji ya chupa zilizobaki na majivu, hata seli inayokufa ingeng'aa.

Wakachemsha chupa, wakapima upya mizizi ya miche ile kwa rangi iliyobaki. Bethwel alichungulia kwa muda mrefu, kisha akampisha kwenye darubini.

"Sioni kitu, Daktari. Ni giza."

"Ndiyo hivyo, mama."

Cherotich hakuondoa jicho. Tangu Jumapili majani ya miche yake yalikuwa yakigeuka manjano, naye alikuwa amejiambia ni jua tu.

"Lakini nilisugua vizuri," alisema. "Nilisugua vizuri sana."