Kinyozi wa Kifua na Kinyozi wa Sukari

Kinyozi alikuwa na kipande cha mkate mfukoni, na tangu alfajiri hakujua kama akile au asikile. Kliniki ya kifua, mwisho wa korido upande wa kushoto, iliwataka wagonjwa wa kifua kikuu wafike wameshakula, maana vidonge vile vikikuta tumbo tupu huvuruga mtu. Kliniki ya sukari, mwisho wa korido upande wa kulia, iliwataka wafike na njaa, watobolewe kidole kabla hawajatia kitu mdomoni. Zote mbili zilifanya kazi Jumanne, zote asubuhi, na ukiitwa usionekane, unarudi Jumanne nyingine. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila upande ulichagua siku yake bila kuuliza upande wa pili, na pande zote mbili ziliiona Jumanne kuwa siku nzuri.

Katikati ya korido, juu ya benchi alilokalia kinyozi na mkewe, palikuwa na bango kubwa la rangi. Liliandikwa kwamba kisukari huchelewesha kupona kifua kikuu, na kwamba mwenye magonjwa yote mawili atibiwe yote mawili kwa pamoja. Lilikuwa bango zuri, lenye picha ya familia inayocheka. Wagonjwa waliochoka kusubiri waliegemeza vichwa vyao hapo.

Kinyozi alikuwa akienda kwa zamu, wiki hii kushoto, wiki ijayo kulia, na kila upande ulimgombeza kwa kutoroka.

"Wenzako mlioanza dawa pamoja makohozi yao yameshasafika," nesi wa kifua alimwambia. "Yako bado yana vijidudu. Wewe una nini?"

"Nina sukari, dada."

"Hiyo ni kule."

Daktari wa sukari naye aliitazama mashine yake ndogo, akaguna. "Imepanda tena. Una ugonjwa mwingine?"

"Nina TB, daktari."

"Hiyo ni kule. Na ukitaka kukohoa, geukia dirishani."

Kibanda chake cha kunyolea kilikuwa kimefungwa kwa amri ya nesi, ambaye hakutaka apumulie shingo za watu mpaka makohozi yawe safi. Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa, na kioo kimeshika vumbi. Lakini mkewe hakuwaza kibanda. Alichowaza ni ule mkanda wa suruali uliokuwa ukitobolewa tundu jipya kila baada ya muda mfupi, kwa msumari, na mwenye kiuno akifanya mzaha kwamba sasa anarudia ujana. Yule mwanamke alitaka mume wake apone, basi.

Jumanne hiyo jina lake likaitwa kushoto na kulia kwa pamoja, kwa sauti mbili kali. Kinyozi akasimama. Akageuka kushoto, akageuka kulia, na hapo akagawanyika. Mpasuko ulianzia utosini, pale alipozoea kuwachania wateja njia ya nywele, ukashuka sawasawa hadi miguuni, bila damu wala kelele, na kila upande ukajijaza ukawa mtu mzima, mwembamba kidogo kuliko alivyokuwa. Mmoja akakila kile kipande cha mkate, akaenda kushoto. Mwingine akaenda kulia na njaa yake.

"Nyie mapacha," mlinzi alisema, "msizibe njia."

Nyumbani mkewe alitangulia jikoni akaongeza maji kwenye sufuria. "Mngeniambia mapema," alisema, "ningenunua chakula kingi zaidi." Majirani wakazoea haraka. Ili kuepuka kuchanganya, mmoja aliitwa wa Kifua na mwingine wa Sukari, na wote wawili waliitika. Walilala kitanda kimoja na mke wao katikati, akibanwa huku na huku. Wakichekeshwa, walicheka mahali pamoja.

Hospitali ilifurahi kupita kiasi. Nesi wa kifua sasa alikuwa na mgonjwa anayefika kila Jumanne ameshiba, anameza vidonge mbele yake bila kisingizio. Daktari wa sukari alikuwa na mgonjwa anayefika kila Jumanne mdomo mkavu. Wagonjwa wengine walianza kusutwa: mbona mwenzenu ameweza? Mama mmoja mwenye magonjwa matatu alijitahidi sana pale kwenye benchi, uso ukamwiva, akaishia kupata wawili na mkono. Aliambiwa aendelee na mazoezi.

Mke wa kinyozi ndiye aliyefua mashuka na kusafisha choo, kwa hiyo aliona mambo. Wa Sukari alikohoa usiku sawa na mwenzake. Wa Kifua alikunywa maji jagi zima, akaomba mengine. Mkojo wake ulikuwa wa rangi ya chungwa kwa sababu ya dawa, lakini sisimizi waliujia vilevile, mstari mrefu kutoka uani, bila kujali rangi. Mwanamke akafunga kanga yake vizuri, akaenda kwa mganga mkuu wa hospitali.

"Mama, karibu," alisema mganga mkuu. "Mumeo ni mfano wa kuigwa."

"Wote wawili wanakohoa, daktari. Na wote wawili wana sukari. Magonjwa hayakugawanyika. Aliyegawanyika ni yeye."

"Tunajua."

"Mnajua?"

"Sana. Sukari ikiachwa juu, mwili unashindwa kupigana na TB. Na TB nayo inapandisha sukari. Hata kwenye bango tumeandika. Umeliona bango?"

"Nimeliona. Basi nawaomba jambo dogo. Daktari wa sukari ampime na wa Kifua, na nesi wa kifua awape dawa wote. Au kliniki moja ihamie Jumatano, mume wangu arudi kuwa mmoja."

Mganga mkuu alisikitika, na alisikitika kweli, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Jumatano haiwezekani, mama. Jumatano tuna kikao."

"Kikao cha nini?"

"Cha kuunganisha huduma."

Akamsindikiza mpaka mlangoni, akamsifu kwa kujali afya ya familia. Mwanamke alitembea korido nzima akilia kwa hasira, na mlinzi akampisha.

Wa Kifua alimaliza vidonge vyake vyote, hata kimoja hakukitupa. Nesi alikuwa shahidi. Alimeza huku sukari ikimla kwa ndani, na kila Jumanne aliporudi kutoka kushoto alikuwa mwepesi zaidi, mpaka ikabidi mwenzake amshike mkono wakivuka barabara, upepo usije ukamchukua. Wa Sukari alimkatia nywele, taratibu, kwa mkasi tu, kwa sababu mlio wa mashine ulimchosha. Wa Kifua alifariki kitandani asubuhi, kabla ya chai, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkewe, na yule wa Sukari akiwa amemshika nyayo. Mkewe alilia kama mtu aliyefiwa na mume, kwa kuwa alikuwa amefiwa na mume. Majirani walipata taabu ya maneno. Wengi walimpa mkono wakasema pole, kisha wakamtazama yule aliyebaki, wakaongeza hongera.

Mganga mkuu alikuja msibani na shada la maua. "TB imetushinda safari hii," alisema. "Lakini upande wa kisukari tunaendelea vizuri. Mahudhurio yake hayana dosari."

"Anakohoa," alisema mjane ambaye hakuwa mjane.

"Mlete Jumanne."

Akampeleka. Wa Sukari aliketi kwenye kiti cha daktari, akanyoosha kidole, na kabla sindano haijamgusa kikohozi kikamkamata, kirefu, cha kumkunja tumbo. Aliposhusha leso ilikuwa na damu. Daktari wa sukari hakuinua macho kutoka kwenye mashine yake.

"Hiyo ni kule," alisema.

"Daktari," alisema mkewe, "nakuomba. Usiseme hivyo. Yule mwingine tulimzika juzijuzi."

"Pole sana, mama. Nilisikia." Sauti yake ilikuwa ya huruma. "Lakini kikohozi ni kule. Awahi, wanafunga foleni."

Walitoka. Kufika katikati ya korido, mumewe akageuka kushoto, akageuka kulia, na mkewe akakumbuka Jumanne ile. Hakungoja. Alimkumbatia kwa mikono yote miwili, kiunoni, pale penye mkanda, akafunga vidole vyake mgongoni na kumbana kifuani kwa nguvu zake zote. "Hapana," alimwambia. "Baki. Mume wangu, baki hivihivi." Naye alijitahidi. Alisema ndiyo, alisema anabaki, mdomo wake ukiwa kwenye nywele za mkewe, na mtu yeyote aliyepita angeona kwamba anataka kubaki.

Kutoka kushoto nesi akaita jina. Kutoka kulia daktari, aliyekumbuka kwamba kidole hakijatobolewa, naye akaita.

"Mama, mwachie mgonjwa," alisema mlinzi. "Ameitwa."

"Simwachii."

Na kweli hakumwachia. Alifumba macho akakaza mikono, akasikia mbavu za mumewe, moja moja, na moyo wake ukienda mbio. Alipofumbua, mume alikuwa bado mikononi mwake, mwembamba sana, akilia. Yule mwingine alikuwa ameshafika mwisho wa korido, upande wa kushoto, akiuliza nani wa mwisho kwenye foleni.