Nenda kwa Mwenyewe

Asubuhi, pasi ikiwa bado haijashika moto, Vidole aliwachezea wateja mazingaombwe juu ya meza ya duka la dobi. Vifaa maalumu hakuwa navyo. Kifungo cha shati kiliingia ngumi ya kulia kikatokea ya kushoto. Kibanio cha nguo kilipotea chini ya leso kikaokotwa ndani ya kofia ya mteja. Mikono yake haikujua kukaa. Hata usingizini ilikuwa inapapasa shuka.

Duka lilikuwa la shangazi yake. Vidole alipiga pasi mbele, dada yake mkubwa alifua uani kwenye mabeseni, na Shangazi alikaa katikati yao kwenye kiti chenye mto, droo ya pesa ikimgusa magoti. Mazingaombwe aliyapenda, maana mteja anayecheka haulizi kwa nini suruali yake haijakauka.

Mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa noti ya kuazima. Vidole aliomba noti kwa mteja, akaikunja mpaka ikawa kama punje ya mahindi, akaikandamiza kwenye kipande cha sabuni, akapuliza na kusema, "Rudi kwa aliyekutoa." Sabuni ikikatwa, haina kitu. Noti iko mfukoni kwa mteja. Ulikuwa ujanja wa mkono tu.

Mwezi huo dada alikuwa na haraka zake. Alikuwa amepata chumba chenye ua na bomba, mahali ambapo angeweza kufua kwa faida yake mwenyewe, na mwenye nyumba alikuwa amekubali kumshikia mpaka mwisho wa mwezi. Lakini mshahara wake wote ulikuwa kwa Shangazi, tangu siku alipoanza kazi. "Nakuwekea, mwanangu," Shangazi alimwambia kila mwezi. "Wewe pesa hazikai mkononi." Dada akiziomba, aliambiwa ziko mahali pazuri, asizisumbue.

Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, nguo hazikukauka, na wateja wakajaa dukani wakinung'unika. Fundi rangi mmoja alikuwa amekuja kuchukua koti la kwendea harusini, na koti lilikuwa linachuruzika maji.

"Hebu fanya ule wa noti," Shangazi alimwambia Vidole.

Hakuna mteja aliyetaka kuazimisha, ikabidi Shangazi atoe ya kwenye droo. Vidole alikuwa anamfikiria dada yake, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameomba tena akanyimwa, na maneno yakamponyoka. Badala ya rudi kwa aliyekutoa, alisema, "Nenda kwa mwenyewe."

Mfukoni kwa Shangazi hapakuwa na noti. Ilikuwa uani, kwenye mfuko wa aproni ya dada, imejaa povu. Dada aliileta ameishika kwa ncha za vidole.

"Ya nani hii?"

"Yangu," Shangazi alisema.

"Mbona imekuja kwangu?"

"Si ndiyo zile nilizokuwekea? Lete niiweke."

Alinyoosha mkono bila kuinua macho. Dada akampa. Fundi rangi alipiga makofi, akasema koti atalivaa hivyohivyo.

Tangu hapo noti zikaacha kumsikiliza Vidole. Alirudia maneno ya zamani, wapi. Noti ya tajiri mmoja mwenye malori ilivuka barabara ikatua kwenye kofia ya kuli. Ya karani wa ardhi ilikutwa kwenye kiatu cha bibi kizee aliyekuwa anapita na makaratasi yake ya kiwanja. Karani alimfuata, akaichukua, akamshukuru. Mbeba matofali naye alitoa yake. Ikabaki kiganjani mwake mwenyewe, haikwenda popote.

"Sasa mchezo uko wapi?" aliuliza. "Kumbe nimesimama bure."

Akaondoka amenuna. Watu wakasema mkono wa Vidole umeharibika, na hakuna aliyemwazima tena.

Lakini zile za kwenye droo hazikungoja kuambiwa. Shangazi alifunga kufuli, zikapita. Akaagiza mfuko wa aproni ufumuliwe, zikaja kwenye kilemba. Dada akiinama, zilimdondokea ndani ya beseni, akaendelea kusugua akizisogeza pembeni na kiwiko.

Mwezi ulipokaribia kuisha, dada alijaribu. Jioni alijitanda khanga akapita dukani bila kumtolea Shangazi noti za siku hiyo.

"Mwanangu," Shangazi aliita.

"Abee."

"Umesahau kitu."

"Sijasahau, Shangazi. Zimekuja zenyewe."

"Najua zimekuja zenyewe. Mimi nimesema umeiba?" Shangazi alicheka kidogo. "Nikikupa leo, utazila leo. Mimi ni baba yako wa kike, nikuache tu uharibikiwe? Hebu mwambie, Vidole."

Kifungo kilikuwa kinapita katikati ya vidole vyake, kinatoka mkono huu kinaingia huu. Yeye mshahara wake alipewa mkononi, kwa kuwa ni mwanamume na ana mke. Dada alimwangalia, akangoja.

"Mpe tu, dada," alisema. "Kesho si zitarudi?"

Na ni kweli, kesho yake zilirudi. Kila siku zilirudi, na kila jioni dada alizitoa.

Chumba alipewa fundi viatu. Mwenye nyumba alikuja mwenyewe kumwambia dada, na kwa kuwa alikuwa njiani aliacha na mashati ya kufuliwa.

Siku hizi kazi imezoeleka. Noti zinafika mbichi, na Shangazi hataki pesa mbichi kwenye droo, anasema zinanuka. Kwa hiyo jua likizama dada anazikamua, anamkabidhi mdogo wake, na Vidole anazipiga pasi moja moja, akianzia pembeni, upande huu kisha upande huu, huku mguu wake ukigonga sakafu. Shangazi anazipokea zikiwa bado na moto.

"Taratibu, mwanangu," anamwambia. "Usije ukaniunguzia pesa za dada yako."